Kompyuta Iliyobaki 1980

Jumatatu, 10 Mei 1999

Jumamosi ni ntheo, siku ya kupeleka mbuzi kwa wakwe. Mbuzi wa posa wameshafika hapa Gatwekera kwa Anko Mbuvi. Wamefungwa nje ya mlango wangu, na mmoja amekula soksi niliyoanika. Mzee Kavoi, babake mchumba wangu Wanza, amekubali tusisafiri mpaka kijijini kwao Mwingi. Tumpelekee kwake Ayany, Jumamosi saa tisa. Nisipofika, hataniita tena. Ameshasema kuna mwingine anayemuulizia Wanza. Mwalimu. Mwalimu!

Shida ni kompyuta. Bosi wangu Nderitu, mwenye bureau pale Kawangware 56, anasema Jumamosi ndiyo siku ya barua nyingi. Asubuhi napiga taipu barua za watu. Saa kumi na mbili jioni, simu ikishuka bei, naiamuru kompyuta ipige simu, itume email na kuleta majibu. Bila mimi hakuna kinachokwenda.

Nikamwambia, kifua mbele, hii kompyuta inatumia programu ya Linux. Inaweza kupangiwa saa ikajifanyia yenyewe. Akauliza, kweli? Nikasema bila shaka. Mdomo huponza kichwa! Sasa ameniambia ikijiendesha Ijumaa mbele ya macho yake, Jumamosi ni yangu.

Jumanne, 11 Mei

Shivachi, caretaker wa ploti, huzima meni swichi kila siku saa sita ili wapangaji wasipikie jiko la koili. Anawasha saa kumi. Stima iliporudi leo, kompyuta iliwaka, ikaona ilizimwa ghafla, ikanuna. Ikasimama kwenye skrini nyeusi ikidai neno la siri. Ingesimama hivyo mpaka Krismasi. Hilo nimeliondoa. Sasa inakagua diski yake na kuendelea bila kuuliza mtu.

Kisha nikaipangia ile kazi ya saa kumi na mbili. Saa ikafika — kimya. Nikatafuta mpaka jasho likanitoka. Kumbe askari wa ndani, ile programu inayoangalia saa na kuanzisha kazi, hakuwa ameamka. Na amri ya kumwamsha nilikuwa nimeiweka wapi? Katikati ya kazi zake mwenyewe! Ni kama kumwambia mlinzi aliyelala: zamu ikifika, jiamshe. Na chuoni walinipa distinction. Nimeihamishia mahali pake, kwenye mambo yanayofanyika mashine ikiwashwa.

Jumatano, 12 Mei

Saa nne asubuhi, niko na chai. Modem, ile mashine ndogo ya kupigia simu, ikaanza kupiga kelele yenyewe! Mideva wa saluni ya jirani — tunatumia laini moja ya simu — alikuwa anaongea na mamake Kakamega. Akaingia na kitana mkononi.

"Wee Mutie! Naongea na mathe, mara kuku anachinjwa ndani ya simu! Hii mashine yako iko sawa kweli?"

Nikaomba msamaha. Nikasema labda niligusa kitu. Sikuwa nimegusa kitu ila mandazi.

Jioni, saa kumi na mbili — kimya tena. Askari yuko macho, nimemwona. Amri ni sawa. Nikiiendesha kwa mkono, inakwenda mbio. Nikikaa nikingoja, haiendi. Nimeufuta ule mstari wa amri na kuuandika upya mpaka vidole vinauma. Barua za leo nimezituma na kuleta majibu kwa mkono, kama jana.

Wanza amepiga simu pale saluni. Ameuliza kama nimepata ruhusa. Nikasema nimepata kitambo. Naogopa.

Alhamisi, 13 Mei

Saa nne, kelele tena! Leo Mideva hakuja. Aligonga ukuta tu, kwa hasira.

Khamala, mteja wetu, fundi wa mawe, alikuja kuchukua jibu la kakake aliye Canada. Mimi huchapisha tu, sisomi ya watu. Alisoma amesimama, akacheka mpaka akashika mlango. Kaka anauliza hii ni posta gani, barua imeandikwa Januari 1980 na imefika juzi.

"Mutie, nineteen eighty si nilikuwa class two! Nilikuwa namwandikia nani Canada?"

Sikucheka. Niliuliza kompyuta tarehe. Ikanijibu bila haya: tarehe moja Januari 1980, jioni. Nje jua la asubuhi! Betri yake ndogo ya saa imekufa. Kila Shivachi akizima, inaamka saa kumi ikidhani ni saa sita ya usiku wa mwaka mpya, inaanza kuhesabu. Saa kumi na mbili jioni yake inafika kesho yangu saa nne asubuhi, kwenye sikio la Mideva. Siku zote namlaumu askari, na maskini anafuata saa aliyopewa. Mtaalamu mzima, sikuwahi kuiuliza mashine leo ni lini!

Fundi wa saa pale stage ameniuzia betri. Nimeiweka, nikasahihisha saa.

Ijumaa, 14 Mei

Nderitu alikuja mwenyewe. Akanitoa nje nisiguse kitu. Shivachi akazima, akawasha, kwa raha ya mtu aliyepewa cheo. Nilisimama kwenye matope na hindi choma mkononi.

Saa kumi na mbili — yenyewe! Ikapiga, ikatuma, ikaleta, ikakata simu. Mideva alipiga vigelegele, mteja wake kasukwa nusu. Nderitu akaitazama mashine muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe haihitaji mtu," akasema. "Nenda tu, kijana. Hata Monday usikimbie."

Mtu mzuri sana! Sikujua ana roho hiyo.

Jumamosi, 15 Mei

Ayany. Wazee wako ndani, mimi nimeambiwa ningoje nje, chini ya dirisha. Naandika nisile kucha. Mbuzi wamepokelewa vizuri, hata yule wa soksi. Wanza amepita na sufuria, akanikonyeza. Nina furaha mpaka naona aibu.

Mzee Kavoi ameuliza kijana anafanya kazi gani. Anko Mbuvi amejibu kwa sauti ya kanisani: ametengeneza kompyuta inayofanya kazi yake yote, hata asipokuwepo! Hata sasa mko naye hapa, na kazi inaendelea Kawangware. Wazee wakashangaa.

Kisha Mzee Kavoi, pole pole: "Na yeye sasa wanamlipa afanye nini?"

Anko Mbuvi akaanza kuwasifia mbuzi.

Na Nderitu alisemaje jana? Hata Monday usikimbie. Ngai!

Mlango umefunguliwa. Wanasema niingie nijibu mwenyewe —