Mzee Aliyenyamaza Kwenye Kanuni ya Imani

Elisha mjukuu wangu, mume wangu,

Hapa Doha sote wazima, ila joto tu. Mama yako amepandishwa kuwa msimamizi hotelini. Si nilimzaa mimi?

Umeniuliza kama wale wasomi na maofisa wa Kiingereza wa zamani, walioamini Mungu ni mmoja bila Utatu wakaficha wasifukuzwe kazi, walikuwa waoga. Halafu ukasema shule ya kanisa, kabla ya kukuajiri ualimu, inataka utie saini kwamba unaamini Utatu, nawe huamini tena. Tangu siku hiyo namkumbuka mzee mmoja.

Nikiwa msichana Tanga nilimpikia mwalimu mzee Mwingereza, msoma masomo kanisani. Tukifika kwenye Kanuni ya Imani, tunapokiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, anafumba mdomo.

"Mzee, umesahau maneno?" nikamtania.

Akacheka. "Sijasahau, binti. Kwetu tangu mababu tunaamini Mungu ni mmoja tu. Nitamdanganyaje nikiwa nyumbani kwake?"

Mimi na mdomo wangu, nikajigamba kwa wanakwaya wenzangu kwamba najua siri ya Mzungu. Jumapili iliyofuata akasoma mtu mwingine; mzee alikuwa ameondolewa. Hakuniuliza lolote. Alikula chakula changu, akanishukuru, nami nikashindwa kumtazama.

Yule hakuwa mwoga, Elisha. Ila nawe kazi unaihitaji, hapo ndipo naogopa.

Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko huku na kanisa letu husali, akina mama wakaniuliza, "Bibi, yule mjukuu wako mwalimu ameshaajiriwa?"

"Bado anafikiri," nikasema, nikawauliza habari za watoto wao.

Nipigie kabla hujashika kalamu. Una moyo mkubwa, na mara hii simwambii mtu.

Bibi yako