Gunia la Saleh

Ruangwa, 12 Septemba 1993

Mwanangu Valeria,

Salaam nyingi. Hujambo, na mumeo Obadia hajambo? Wajukuu je? Mimi mzima, ni magoti tu yananikumbusha jeshi.

Nasikia baraza la madiwani litakaa Oktoba kuamua kama kikosi chetu cha kulinda korosho kiongezewe muda. Sheria ndogo iliyotuanzisha inakwisha. Unajua tulikotoka: mtu anaokota mchana, usiku korosho zinaota miguu. Siku hizi gunia hulala shambani na asubuhi unalikuta. Juzi tulimnasa Saleh wa hapa kijijini akitoa korosho kwenye shamba la mzee mmoja marehemu. Tukamtwika gunia, tukamzungusha kijiji kizima watu wakimwimbia.

Wewe ni diwani, wenzako wanakusikiliza. Tangu mama yenu atutoke, kikosi hiki ndicho kinachonitoa kitandani alfajiri.

Baba mkwe wako,
Kamanda Elineema


Ruponda, 26 Septemba 1993

Shikamoo Baba,

Hatujambo sote. Wajukuu wanakuulizia wewe na miwa yako.

Mkwe hakabiliani na baba mkwe, kwa hiyo nashukuru kuna barua. Kazi yako naiheshimu; mama yangu mzazi zamani alilala na panga, leo analala usingizi. Lakini nimeuliza habari za Saleh. Marehemu alikuwa mjomba wake. Kwenu Upareni shamba humfuata mtoto wa marehemu. Kwetu Wamwera shamba la mjomba ni la mpwa. Saleh alikuwa akiokota korosho zake. Aliposema ni za mjomba, wewe ukaona amekiri. Vijana wako walijua, ila nani angemsahihisha kamanda?

Siwezi kunyoosha mkono kikosi kiendelee kama kilivyo. Nitaomba kamanda aje ahojiwe kwanza. Niwie radhi.

Mkweo,
Valeria


Ruponda, 17 Oktoba 1993

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Hukunijibu, na Obadia alipokuja ulimkaribisha maji ukanyamaza. Hanilaumu, ila chakula hakimpiti. Baraza ni keshokutwa. Sijui kama utakuja.

Mkweo,
Valeria


Nachingwea, 20 Oktoba 1993

Shikamoo Baba,

Uliondoka jana kabla sijakuamkia. Magoti yamefikaje?

Nimekaa miaka kwenye baraza lile na nimewaona wakubwa wengi wakihojiwa. Wote hukwepakwepa swali. Wewe uliulizwa nani alikupa mamlaka ya kumhukumu mtu, ukajibu, "Hakuna. Nilijipa mwenyewe." Kisha Dionisia, diwani wa huko kwenu, akasimama kueleza ambalo wewe hukulisema: kwamba ulikwenda kwa Saleh, ukajitwika gunia lile lile, ukalizungusha kijiji kizima mchana kweupe, na hakuna aliyeimba. Baba, nilijivunia hadi machozi.

Hata hivyo mkono wangu niliunyoosha kama nilivyokuandikia. Kikosi kimepewa msimu mmoja tu, kitahojiwa kila baraza likikaa, hakuna kumzungusha mtu tena, na kamanda atachaguliwa na wanakijiji. Najua nimegusa kilichokuwa kikikuamsha.

Mkweo,
Valeria


Ruangwa, 7 Novemba 1993

Mwanangu Valeria,

Salaam. Obadia anakula sasa? Mwambie njaa haibadilishi kura ya mtu.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, kwa hiyo nakuambia kweli: barua yako ya Septemba niliikasirikia wiki nzima. Halafu nikaisoma tena.

Uchaguzi umefanyika jana. Wamemchagua Saleh, na kura moja katika hizo ni yangu. Nilipomkabidhi filimbi ya kamanda aliniuliza kama magoti yangu yataweza zamu ya alfajiri. Nimemwambia yataweza. Leo nimeamka kabla ya jogoo.

Mkituita barazani, atakayekaa kwenye kile kiti cha kuhojiwa ni yeye. Usimwonee haya, mbane kama ulivyonibana mimi. Nitakaa nyuma, na atakayeniuliza yule mama anayehoji ni nani, nitamwambia ni binti yangu.

Baba yako,
Elineema