Jiko Chumbani mwa Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 1957
Mbeya baridi kali. Umande umeganda, sakitu imeunguza maharage yote. Darasani: haidrojeni. Atomu mbili, kila moja ina elektroni moja. Zinashirikiana, kila moja inahesabu mbili kuwa zake. Wanafunzi walinikodolea macho. Nikasema: nyumba mbili, kila moja ina ng'ombe mmoja, zizi moja. Wakacheka, wakaelewa. Nimefurahi.

Jumanne, 9 Julai
Mke wa mwanangu Asajile kajifungua salama, mtoto wa kiume. Yuko chumba cha mwisho hapa kwangu. Asajile yuko kazini Iringa. Mjukuu sijamwona. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani, hawasemezani. Mwiko huu wa Kinyakyusa tumekuja nao mjini. Nikipita uani nakohoa, ajifiche.

Alhamisi, 11 Julai
Leo kaboni na oksijeni. Atomu mbili tu, jozi tatu za elektroni kati yao. Hazibanduki kirahisi. Ndiyo hewa ya mkaa uliokosa upepo. Haina harufu. Inang'ang'ania damu, mtu anakufa kama anayesinzia.
Narudi nyumbani, mke wangu kaingiza jiko la mkaa kwa mzazi, dirisha kaziba kwa gunia. Nimemkataza. Kasema mama yake alizaa tisa kando ya moto. Nikamwambia ile ilikuwa nyumba ya nyasi, hii ina bati na dari. "Uzazi si mambo ya wanaume, mwalimu." Nimetoka, jiko limebaki. Nina hasira.

Ijumaa, 12 Julai
Mke wangu alikuwa sokoni. Kitu kikaanguka chumbani mwa mkwe. Nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, mpumbavu mimi. Nikashika mlango. Nikauachia. Nikakimbia kumtafuta jirani, Mama Tusekile, aingie yeye. Nilimkuta mbali, mtoni.
Mama Tusekile alimburuta mkwe uani, akapumua. Mtoto hapana.

Jumapili, 14 Julai
Tulizika jana. Wengine wanasema baridi, wengine uchawi. Mke wangu hali chakula. Sikumlaumu. Najichukia.

Jumanne, 16 Julai
Asajile kafika kwa lori asubuhi. Nimemweleza habari ya jiko na hewa yake. Kaniuliza kama nilijua hewa ile inaua. Nikasema nilijua. Kauliza kama mlango ulifungwa kwa ndani. Nikasema hapana.
Kainuka, kaenda kwa mkewe. Nawasikia wanalia, ng'ambo ya ukuta.