Vidonge Chini ya Mto

Mdogo wangu,

Huku wazima, ila mama. Paa limeacha kuvuja, na paka wako kazaa tena ndani ya kabati langu, hana adabu kabisa.

Tangu tugombane simu zangu hupokei, basi nimempa dereva wa basi barua hii akukabidhi mkononi. Mama yuko wodini, hapa ninapofanya kazi. Choo chake nimekipima mwenyewe maabara: minyoo tele. Mwenye minyoo hiyo, damu yake kwa kawaida hujaa seli nyeupe zenye punje nyekundu. Hao ndio askari, huizingira minyoo na kuimwagia sumu. Damu ya mama nimeipekua kwa darubini, kioo kizima. Hakuna hata askari mmoja! Nikamwendea wodini.

"Mama, unameza dawa gani?"

"Simezi kitu."

Nilipombadilishia foronya, vikamwagika vidonge ulivyomtumia vya magoti. Daktari akaguna. Vinatuliza maumivu, ndiyo, lakini vinawalevya na askari, na minyoo waliyoibana miaka yote sasa imepanda hadi mapafuni.

Ulimwonea huruma, najua. Daktari anataka avipunguze polepole huku akimeza dawa ya minyoo. Mama amekataa katakata. "Mwanangu atasema nimemkataa."

Mpigie leo hii, umwambie wewe. Mimi hanisikii, mimi ni yule wa kila siku.

Furushi lako la pili limefika asubuhi. Nimelificha kabatini, kwa paka. Mama, kwa pumzi iliyobaki, anaulizia kama umemtumia kitu.

Dada yako