Bikombo Kakataa Kufutwa

Jumamosi, Konde.

Mvua ya leo ilikuwa ile ya kukera, hainyeshi ikaisha wala haianuki. Nimerudi kutoka Fundo nguo zimenigandama mwilini. Nimekoga maji ya moto, nimesali magharibi nimekaa kitako kwa sababu miguu imekataa, na sasa niko kitandani na simu, naandika. Zuwena anakula jikoni.

Nimechoka. Na si uchovu wa safari.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa skuli ya maandalizi. Mume wangu, Salum, yuko Ulaya, anafanya kazi kwenye ghala la mboga. Zuwena ana miaka tisa, na kila mtu hapa mtaani humwita mwanangu. Lakini sikumzaa. Aliyemzaa ni Bikombo, wa kisiwani Fundo.

Tulilala vitanda jirani wodi ya wazazi. Bikombo alikuwa kafiwa na mume mimba ikiwa kubwa, na alipojifungua akashikwa na homa iliyomtoa fahamu. Maziwa hayakumjia. Mimi maziwa yalinijia, mtoto ndiye hakukaa. Alikuwa mwanamume, tukamzika siku ile ile. Mama yake Bikombo akaja kitandani kwangu na kichanga kilichofungwa kanga. Alinipakatia tu, nami nikamnyonyesha. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuna aliyekaa kikao akapanga.

Bikombo aliumwa muda mrefu. Alipopona akaja kumchukua mwanawe, na mtoto alilia mpaka akatapika. Nikamwona anavyomtazama, kisha akamrudisha mapajani pangu mwenyewe. "Mlee weye," akasema. "Ila asije akanisahau."

Kwa hiyo kidini Zuwena ni mwanangu wa kunyonya, na Salum ni baba yake kwa maziwa hayo. Ukoo wake haukuguswa. Skuli anaitwa Zuwena Hamad, jina la marehemu baba yake. Akiumwa, Bikombo anapigiwa simu. Akiposwa kesho keshokutwa, Bikombo ataulizwa. Huku kwetu ukipewa mtoto unapewa kazi ya kulea, hupewi mtoto ukamng'oa na mizizi.

Na nitasema ukweli hapa, maana pengine pa kuusema sina: haki hizo za Bikombo zimenichosha mara nyingi. Huja bila kuarifu. Alimtoboa masikio mtoto bila kuniuliza. Kuna Ramadhani alimchukua mwezi mzima, akarudi amekonda, ananiita "bi mwalimu" kama mgeni, nikalia chooni. Nimewahi kumwambia Salum kwenye simu kwamba natamani ingekuwepo karatasi inayosema huyu ni wangu, basi, hadithi imekwisha.

Karatasi hiyo imekuja.

Salum amepata ruhusa ya kutuchukua tukaishi naye. Yangu mimi ni nyepesi. Ya Zuwena, wakili wa huko amesema malezi ya namna yetu hawayatambui. Ili asafiri kama mtoto wetu lazima kwanza awe wetu kwa sheria yao: aandikiwe cheti kipya cha kuzaliwa, sisi tuwe ndio wazazi, na mama mzazi atie dole kwamba ameacha haki zake zote. Kwa maisha. Hatakuwa na haki ya kumwona, wala ya kuulizwa, wala ya kujulishwa mtoto anaishi mji gani.

Wiki iliyopita niliipeleka kwa afisa ustawi wa jamii Wete. Ni mtu mzima, mpole. Alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani. "Mwalimu, hii si kulea," akaniambia. "Hii ni kuhamisha uzazi. Nenda kamwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usimtume mtu."

Ndipo leo nikaenda, na Zuwena nikamchukua.

Tulimkuta Bikombo anaanua mwani wake mvua isiumalize. Nikakunja buibui, nikamsaidia kuubeba ndani. Zuwena alishapotea na ndugu zake, nasikia vicheko vyao nyuma ya nyumba. Bikombo akaleta chai na muhogo wa kuchemsha, tukakaa ukumbini juu ya mkeka, nikamweleza yote tangu mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema:

"Nsomee hapo pangu. Hapo paliponitaja mie."

Nikamsomea, nageuza kwa Kiswahili polepole.

"Na hicho cheti kipya, mie nimeandikwa wapi?"

"Hukuandikwa."

"Nimeandikwa nimekufa?"

"Hapana. Hukuandikwa kabisa."

Akatazama chai yake. "Bora aliyekufa," akasema. "Yule hutajwa."

Nikakimbilia kumtuliza. Nikamwambia nitampigia simu na Zuwena kila Ijumaa, nitamletea picha, na tukija likizo tutafikia kwake kwanza.

"Na ukikataa?"

"Sitakataa, Bikombo. Wanijua."

"Nakujua. Nauliza, ukikataa?"

Wakili mwenyewe alishamwambia Salum kwamba picha na simu ni hiari yetu, tukitaka tutapeleka, tusipotaka hakuna wa kutuuliza. Yaani ni hisani tu. Nikamjibu: "Hakuna wa kunilazimisha."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei aliyoitarajia.

"Weye wamtaka uende naye?"

"Namtaka."

"Basi nenda naye. Mwana nilikupa, na leo nakupa tena. Akasome, akaione hiyo baridi. Hata nisimuone miaka mingapi, n'tavumilia, nishazoea kumvumilia. Lakini dole sitii. Mie nimemzaa, siwezi kuweka kidole changu pahala panaposema sikumzaa. Na yeye akija kuniuliza ukubwani, n'tamwambia nini?"

Nikamwambia bila dole hatasafiri.

"Basi inayomzuia ni hiyo karatasi yao, mwalimu. Si mie."

Akafuta macho kwa pembe ya mtandio. Nilipaswa kumshika mkono. Sikumshika. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa mbaya, ilikuwa inasema moyoni: mwenye maziwa nani, aliyekesha naye surua nani, aliyemfundisha kusoma nani? Watoto wengine wanne anao, mimi nina mmoja tu, tena wa kuazima.

Tukashuka ufukweni, boti inatungoja. Bikombo akambusu Zuwena kwenye paji la uso, akanigeukia. "Usije ukanichukia."

Nilijifanya nahangaika na mwavuli.

Wete, tukisubiri gari chini ya paa la duka, nikampigia Salum. Zuwena alikuwa anachagua biskuti ndani. Nikamweleza. Alishusha pumzi ndefu, nikasikia na mashine za ghalani nyuma yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu kamwambia ipo njia nyingine. Tuseme mama mzazi hajulikani alipo. Nani atakuja mpaka Fundo kumtafuta?

Nikamtazama Zuwena kupitia mlango wa duka.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa papo hapo. Sikukataa. Nilimwona Zuwena uwanja wa ndege na koti jekundu. Nilijiona mimi na Salum meza moja, baada ya miaka yote hii ya kulala peke yangu. Na nikaona jinsi ilivyo rahisi: mwanamke mmoja, kisiwa kidogo, sentensi moja.

Halafu nikamkumbuka kijana mmoja anayefanya kazi naye, ambaye Salum aliwahi kunisimulia habari zake. Alichukuliwa akiwa mdogo kutoka nchi moja ya Afrika, akalelewa huko vizuri tu na watu wema, na sasa kila likizo anasafiri kumtafuta mama yake.

"Yule kijana wa kazini kwenu," nikamuuliza, "kesha kumpata mamake?"

"Bado."

"Kwa nini hampati?"

Nikasikia Salum anajitenga na mashine.

"Karatasi zake," akasema, "zimeandikwa mama hajulikani."

Mwishowe akasema, "Basi. Yaache." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeweka chini mzigo bado hajafika. Nikamwambia siwezi kwenda nikamwacha Zuwena. Akasema anajua. Akaniuliza basi yeye arudi lini. Nikamwambia, ukichoka. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha, akasema amechoka tangu mwaka wa kwanza. Ataomba likizo aje Idi, tukae tuzungumze uso kwa uso.

Kwa hiyo siku imekwisha na hakuna aliyepata kitu. Salum yuko na baridi yake. Mimi niko Konde. Bikombo hana mtoto wake nyumbani, hata baada ya kushinda.

Zuwena nilimwambia tukiwa tumeshafika. Nilitafuta maneno mepesi: safari haipo kwa sasa, sheria za kule zinataka mtoto awe na mama mmoja tu.

Akafikiri. "Wao wanaye mmoja mmoja?"

"Ndiyo."

"Maskini," akasema. Akauliza kuna nini cha kula.

Nimecheka mpaka machozi yakaja, kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Sijui sheria za dunia nzima. Labda ipo nchi ambayo mama anaweza kumtoa mtoto kwa watu wa mbali na jina lake likabaki limeandikwa. Kama ipo, hatukuipata sisi. Ninachojua ni kwamba ile karatasi niliyoitamani kwa miaka nimeishika mkononi, na nilipoisoma kwa sauti mbele ya mwenye mtoto, niliisoma kama mtoto anayejifunza herufi.

Nimefungua namba ya Bikombo mara kadhaa jioni hii, nikaifunga. Aliniomba kitu kimoja tu leo, nami nikamgeuzia mwavuli.

Nitampigia asubuhi, kabla hajashuka kwenye mwani. Nitamwambia simchukii, ikiwa nitakapoamka itakuwa ni kweli.