Mkono wa Pantaleo

Rwamgasa,
Geita.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Donatus,

Shikamoo kaka. Wifi Eufrasia na watoto hawajambo? Joto la Mtwara mmelizoea, au bado mnalala barazani? Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Mama naye yupo, miguu inamsumbua, lakini kuku wake anawafungia mwenyewe kila jioni na ole wake atakayejitia kumsaidia. Mvua bado, na vumbi la makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu limefika hadi kwenye vikombe.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi. Kwenye simu ningeanza kulia, wewe ungeanza kunifokea, na salio lingekwisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni mdogo wako Pantaleo.

Uliuliza bendi inaendeleaje. Bendi ipo. Mwigulu yuko kwenye ngoma, Boaz anaimba na kupiga kinanda, na mimi mpaka juzi nilikuwa na gitaa langu la besi, ambalo Mama hadi leo hataki kumwona mwanamke amelivaa. Roki yetu ni ile ile nzito, iliyoanzia kwenye nyimbo za bluzi ulizotuletea kwenye flashi. Nyimbo bado ni ndefu mno, zinaanza polepole, zinageuka njiani, zinazungusha kichwa mpaka mtu anasahau bia yake. Wachimbaji wanazipenda hivyo hivyo. Mtu aliyetoka shimoni hana haraka ya kucheza, anakaa tu juu ya kreti na kuinamisha kichwa.

Ila walichokuwa wakikifuata hasa ni gitaa la Pantaleo, lile jekundu ulilomnunulia. Mwaka juzi sauti yake ilibadilika. Alikuwa akishika noti moja, na noti ile inatetemeka kama mtu anayejizuia kulia msibani. Wanaume wazima walitokwa machozi, kaka. Tukasema sasa amekomaa. Hata wewe, tulipokutumia video, ulimsifu.

Kumbe ulikuwa ugonjwa. Unajua mchana kazi yake ni kuwachomea watu dhahabu. Wanamletea ikiwa imeshikana na zebaki, naye anaiweka kwenye kikaango juu ya makaa mpaka zebaki iishe kwa moshi. Anachomea kwenye kile chumba cha nyuma na mlango ameufunga, wezi wasione. Moshi wote ameuvuta yeye. Februari alishindwa kufunga vifungo vya shati, tukampeleka hospitali. Daktari hakuzungukazunguka. Zebaki imeingia mwilini, mkono utazidi kutetemeka, baadaye na akili itaguswa, na dawa ya kwanza ni kuuacha ule moshi kabisa.

Mama hakukubali. Kwake huu ni wivu wa watu, na ameshaanza kuulizia mganga. Nimechoka kubishana naye.

Pantaleo aliacha. Masika yote tulilima naye mpunga, na kweli mkono ukaanza kutulia, akaweza kushika kikombe cha chai kilichojaa bila kumwaga. Nilifurahi sana, nikaona tumempata tena. Julai tukaenda kupiga Chato.

Alipiga vizuri, noti zimenyooka, safi kabisa. Watu wakasikiliza wimbo wa kwanza, kisha wakaanza kurudi kwenye meza zao na maongezi yao. Mzee mmoja akamfuata Boaz kumwuliza yule mpiga gitaa wa zamani yuko wapi. Pantaleo alikuwa amesimama pale pale. Wakati wa kurudi Mwigulu, ambaye si mtu mbaya, alimgeukia Pantaleo na kumwambia, "Ukipona kabisa, sisi tutakuwa bendi ya nani?"

Siku chache baadaye nilikwenda kwake na kukuta chumba cha nyuma kimefungwa, ndani nasikia makaa yanapulizwa. Niligonga mpaka akafungua. Nilimwuliza kama amerukwa na akili, na kama ni shida ya chakula, si angeniambia. Hakukasirika. Alinitazama tu, akasema, "Asteria, wanataka lile gitaa lingine."

Tangu hapo wamepiga hapa Rwamgasa mara kadhaa, na watu wamejaa hadi barabarani. Mimi nimeweka besi chini. Nimewaambia sipigi tena mpaka atoke kwenye ule moshi, nao wamemleta mtu kutoka Nyahanga kushika nafasi yangu. Jioni nasikia kelele za kushangilia nikiwa jikoni, na naogopa, kaka, naogopa sana.

Ile spika kubwa unayotaka kututumia, tafadhali usiitume. Njoo wewe. Mimi hanisikii, nimemsemesha mpaka nimeonekana adui. Wewe ndiye uliyemtia gitaa mkononi, labda wewe atakusikia. Mchukue mkae naye huko, hata kama kazi yake itakuwa kuwapeleka watoto shule. Gitaa nalo libaki hapa kwangu kwanza.

Nisalimie sana wifi Eufrasia, na Ngusa na Limi, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anawasalimu wote. Mungu awafunike kwa mkono wake, awaepushe na mabaya, na akufungulie njia uje mapema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Asteria

Nimesahau jambo moja. Hiyo mistari iliyo chini kabisa usidhani ni mtoto amechezea kalamu. Nilimsomea Pantaleo barua yote kabla ya kuifunga. Hakubisha hata neno, akaomba kalamu atie jina lake mwenyewe. Wewe unaukumbuka mwandiko wake, ndiye aliyekuwa akiandika kadi za harusi za mtaa mzima. Alihangaika na jina hilo mpaka jasho likamtoka, na hakutaka nimshike mkono. Herufi ya kwanza ni P.