Mama Ameyaosha Mapaa

Baba,

Jumatano nilimfokea Mama kwa sababu ya kutu. Acha nianzie hapo, maana tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia.

Stesheni yako ndogo ya mfano ilibaki kwenye ile meza ya chumba cha nyuma, hapa Malindi ambako reli yenyewe haijafika. Treni, jengo la tiketi, ghala, na nyumba sita za wafanyakazi, kila moja haizidi boksi la kiatu cha mtoto. Ulimaliza kila kitu ila mapaa, uliyoyaezeka bila kuyapaka. Nilikuuliza, inakuwaje fundi wa mapaa, aliyezeeka akizibaziba nyumba za reli, anaacha mapaa yake matupu? Ukacheka. "Mueni, mtu huacha nyama mwisho wa sahani." Kisha ukaugua, na nyama ikabaki.

Baada ya mazishi, kaka Kioko alisema tuipeleke shule moja ya msingi kule Jilore, watoto waione. Mwalimu mkuu, Bwana Katana, akaahidi kuja kuichukua Ijumaa. Mimi nikaapa haitatoka nyumbani vile. Yale mabati uliyoyakata kwenye makopo ya soda, ukayabonyeza mistari kwa meno ya kitana, yalimeta kama sahani mpya. Nani amewahi kuona nyumba ya reli inayometa?

Basi nikaanza kutembea macho juu. Sikujua juu ya paa kunaishi mambo mengi hivyo: tairi, mawe, ndala moja, antena iliyopinda, bati moja jipya katikati ya makuukuu. Nusura nitumbukie mtaroni. Bi. Rehema wa duka la vitambaa, kule mji wa kale, alinikuta nimesimama mbele ya mlango wake nimeachama.

"Mwanangu, wanitazamia nini huko juu?"

"Shikamoo, Bi. Rehema. Natazama mfereji wa paa lako umefungwaje."

"Marahaba." Akaniletea kikombe cha maji. "Kunywa, mwanangu. Msiba huo."

Nilikwangua kutu kwenye mabati chakavu nyuma ya choo, nikaichanganya na gundi na maji, nikapaka. Masizi nikayatoa chini ya sufuria. Mirija ya soda nikaipasua katikati ikawa mifereji. Vifuniko vya chupa za dawa zako vikawa matangi ya maji. Vilikuwa vingi, Baba. Sikujua ulikuwa unameza dawa nyingi kiasi hicho. Wiki mbili, kila nikitoka kazini naingia humo ndani, hata viatu sivui. Jumanne nikamaliza.

Jumatano nikarudi, nikasikia harufu ya sabuni kabla sijafungua mlango. Mapaa yote yalikuwa yanameta. Mama amesimama kando ya meza, kitambaa mkononi, ameridhika kabisa.

"Nimekuoshea vinyumba vya baba yako. Mwalimu asije akadhani alikuwa mtu mchafu."

Nilipiga kelele, Baba. Mengine siyakumbuki, ila hili nalikumbuka: "Wewe hukuwahi kuipenda kazi yake!" Lilitoka tu. Mama aliketi kwenye kiti chako, ambacho hajakikalia tangu uondoke, akalia. Mazishini hakulia, alikuwa akihudumia wageni, chai hapa, kiti pale. Sasa analia kwa sababu yangu, na mimi nimesimama kama gogo, natamani kukimbia.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Halafu ulikosea. Ile kutu uliipaka kama rangi ya mlango. Kutu huanzia kwenye msumari, kisha hushuka."

Nikainama kuyatazama mapaa.

"Nimelala chini ya mabati yale ya reli miaka kumi na minne, kabla hatujahamia huku nawe mgongoni, nikimsubiri ateremke kwenye mapaa ya watu. Na letu lilikuwa linavuja. Fundi mzima, nyumba yake inavuja! Nilikuwa na mimba yako, nimetega karai kando ya kitanda." Akaanza kucheka, machozi yangali yanatiririka.

Hukuwahi kuniambia hilo. Au hukutaka nijue?

Tukaanza upya, wawili. Mama alishika njiti ya kiberiti akaishusha kutu, msumari kwa msumari. Aliniamuru masizi yakae upande wa jiko tu. Nyumba ya tatu, akasema, ndiyo yetu. Akaiwekea kiraka cha turubai na kijiwe juu yake. Tangi akaling'oa. "Sisi hatukuwa na tangi. Tulichota." Alijua hata mpira wa watoto wa jirani ulinasa wapi.

Ijumaa Bwana Katana alikuja na pikapu. Aliinama juu ya meza muda mrefu.

"Mama, hii ya hapa inavuja?"

"Inavuja sana," Mama akajibu, na alivyojivuna ungedhani amesifiwa mtoto.

Imeondoka sasa. Nimekifagia chumba mara tatu na hakina hata takataka. Nataka kukwambia kitu ambacho sikukwambia hospitalini: nilidhani stesheni yako ni mchezo tu. Miaka yote uliyokuwa ukiniita nije nione, nilipita mlangoni nikisema, "Nzuri, Baba," sikuingia. Nisamehe.

Mama amesema shule zikifunguliwa twende Jilore, awaeleze watoto nani aliishi nyumba gani. Nitampeleka. Na nakuahidi hili: mambo yako mengi sikukuuliza, na nafasi imepita. Yake nitamuuliza angali yupo, na akijibu nitaketi nisikilize mpaka amalize.

Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Mueni